Kitoweo Gani, Majani Gani? Kupanga Mlo Kamili wa Kila Siku Bila Kukimbilia Dayati

Katika nyumba nyingi za Tanzania swali la saa nne asubuhi ni lilelile: "Leo mboga gani?" Jibu laweza kuwa nyama, dagaa, maharage au mchicha. Kimoja kikishapatikana kazi imekwisha, maana unga upo. Hapo ndipo mlo unapopwaya. Neno mboga limebeba vitu viwili ambavyo mwili hauvihesabu kuwa kimoja: kitoweo kinachoujenga, na majani yanayoulinda. Siku ya nyama majani hukosekana, siku ya mchicha kitoweo hukosekana, na pengo linazibwa na tonge.

Miaka ikipita, kitambi kinatokea, presha inapanda, na mtu anatafuta dayati: wiki ya juisi tupu, mwezi bila wanga, chai ya kupunguza tumbo. Akimaliza anarudi kwenye sahani ileile yenye vipimo vilevile. Mwongozo huu unashika njia nyingine. Chakula kibaki hikihiki cha sokoni kwetu, vipimo ndivyo vibadilike, na swali la asubuhi liwe mawili: kitoweo gani, na majani gani?

Kilo saba kwa siku saba: piga hesabu kwanza

Kabla hujatoa hela yako kwa tangazo la kupungua kilo saba kwa siku saba, chukua kalamu. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kalori zipatazo 7,700. Anayekuahidi kupungua kilo saba za mafuta kwa siku saba anakuambia kwamba kila siku utachoma kalori 7,700 zaidi ya zile unazokula. Mtu mzima wa shughuli za kawaida hutumia kalori 2,000 hadi 2,500 kwa siku. Hata asitie kitu mdomoni wiki nzima, mafuta yatakayotoka ni kama kilo mbili tu.

Mbona basi mzani unashuka kilo nne au tano? Ini na misuli vina akiba ya wanga, kama nusu kilo kwa mtu mzima, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na maji gramu tatu hivi. Ukikata wanga ghafla, akiba inatumika, maji yake yanatoka kwa mkojo, na kwa siku chache umepungua kilo moja na nusu hadi mbili ambazo si mafuta. Siku ukirudi kwenye ugali zinarudi. Jumlisha na utumbo ambao sasa hauna chakula ndani yake, kisha jumlisha misuli, kwa sababu mwili usiopewa protini ya kutosha huivunja misuli yake wenyewe. Hasara kubwa ni hiyo ya mwisho. Misuli hutumia nishati hata ukiwa umelala. Ikipungua, chakula kilekile cha zamani kitakunenepesha upesi kuliko mwanzo. Ndiyo maana watu wengi humaliza dayati na baada ya miezi kadhaa wakawa wazito kuliko walivyoanza.

Chai nyingi za kupunguza tumbo zina majani ya sena, ambayo ni dawa ya kulainisha choo. Sena hufanya kazi kwenye utumbo mpana, wakati chakula kimeshafyonzwa nyuma yake kwenye utumbo mwembamba. Unachopoteza ni maji na madini, hasa potasiamu, ambayo moyo huitegemea ili upige sawasawa. Juisi za kutoa sumu nazo zinaahidi kazi ambayo ini na figo huifanya usiku na mchana bila kulipwa. Na maji ya ndimu ya asubuhi hayayeyushi mafuta. Ndimu hiyo ina kazi nzuri zaidi mchana, tutaifikia kwenye majani.

Mwenye kisukari anayechoma insulini au anayemeza vidonge vya kushusha sukari asikate wanga wala asifunge kwa kufuata dayati kabla ya kuongea na anayemtibu. Dawa itaendelea kushusha sukari wakati chakula hakipo, na sukari ikishuka mno mtu hutetemeka, hutoka jasho, huchanganyikiwa na anaweza kuzimia. Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto hawapunguzwi uzito kwa dayati yoyote.

Sahani inavyogawanywa

Mwongozo wa kitaifa wa ulaji hupanga vyakula katika makundi sita: nafaka, mizizi na ndizi za kupika; vyakula vinavyotokana na wanyama; mikunde, karanga na mbegu; mbogamboga; matunda; na mafuta. Si lazima yote yatokee katika kila mlo. Yakitokea yote ndani ya siku moja, umefanya vizuri.

Chukua sahani bapa yenye upana wa shubiri moja, kama sentimita 23. Nusu yake iwe mbogamboga, robo kitoweo, robo ugali, wali, ndizi au viazi. Tunda liwe pembeni. Asiyetaka kupima kwa sahani apime kwa mkono wake, kwa sababu mkono hukua na mwenyewe: ugali ngumi moja kwa mwanamke wa kazi ya kukaa, ngumi moja na nusu hadi mbili kwa mwanaume; nyama au samaki ukubwa na unene wa kiganja bila vidole; majani yaliyoiva yajaze viganja viwili vilivyokingwa pamoja.

Mpangilio wa kupakua una nguvu kuliko watu wanavyodhani. Anza na majani, fuatisha kitoweo, ugali uje mwisho uchukue nafasi iliyobaki. Ukianza na ugali, nafasi ya majani haipatikani tena, na mchicha unageuka kijiko kimoja cha kushushia tonge. Kwa familia inayokula kwenye sinia moja, robo na nusu hazionekani. Hapo weka bakuli mbili za majani, moja kila upande, na kitoweo kigawiwe mapema, la sivyo mwenye mkono mwepesi anakula nyama na mdogo anabaki na mchuzi.

Kuna watu ambao kipimo hiki hakiwahusu. Anayelima kwa jembe, kibarua wa ujenzi, anayesukuma mkokoteni kutwa, hawa wanahitaji ugali wao. Kwao usipunguze tonge, ongeza kitoweo na majani. Mtoto mdogo naye ana tumbo dogo na haja kubwa. Akijazwa majani nusu sahani atashiba kabla hajapata nishati ya kutosha. Mpe kidogo kidogo mara nyingi, na kitoweo chake kisikosekane.

Unga

Nyumba ya watu watano husonga kilo moja ya unga kwa mlo mmoja bila kufikiria. Kilo moja ya unga wa mahindi ina kalori zipatazo 3,600. Ukigawa kwa watano, kila mmoja kapata zaidi ya 700 kabla hajagusa mboga, na jioni inarudiwa. Kwa mtu wa ofisini au dukani hizo mbili peke yake ni theluthi mbili ya mahitaji yake ya siku.

Usikate ghafla, nyumba nzima italalamika na wiki ijayo utarudi kilo. Wiki ya kwanza pima gramu 900, ya pili 800, ya tatu 700, na kila unapopunguza unga ongeza fungu la majani. Kama huna mzani, tafuta kopo moja, lijaze unga, lipeleke kwa muuza duka mwenye mzani likapimwe mara moja, kisha lichore mstari. Kuanzia hapo kopo ndilo mzani wako.

Dona ni bora kuliko sembe kwa sababu lina pumba na kiini, ambamo mna nyuzinyuzi, vitamini za kundi B na madini mengi ya punje. Nyuzinyuzi hukawiza njaa na hulainisha choo. Wengi hushindwa dona kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ladha: wanahama siku moja. Changanya nusu kwa nusu wiki mbili, kisha robo tatu kwa robo. Ya pili ni uchungu: kiini kina mafuta, na mafuta yakikaa kwenye joto huchacha. Saga dona la wiki mbili tu, lihifadhi kwenye chombo kinachofunga, pasipo jua. Likinuka kama mafuta ya zamani limeharibika. Dona pia hunywa maji zaidi na hutaka kuiva zaidi. Ukilisonga kwa haraka ya sembe litakuwa na chengachenga.

Jambo la mahindi yenye ukungu lisichukuliwe kimzaha. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, sumu inayotokana na kuvu wa mahindi na karanga, na moto wa kupikia hauiondoi. Punje zilizobadilika rangi, zilizopondeka au zenye ukungu zitolewe kabla ya kwenda mashineni. Karanga zilizosinyaa au zilizotoka kichungu, tema na utupe. Kwa sababu hiyo pia, uji wa lishe wenye nafaka na karanga aina saba au nane si mzuri kuliko wa aina mbili: kila kinachoongezwa ni mlango mwingine wa sumukuvu, na karanga zikisagwa pamoja na unga huchachisha mfuko mzima. Saga ulezi au mahindi peke yake, karanga zilizochaguliwa ziongeze wakati wa kupika.

Kitoweo kisichofilisi

Mtu wa kilo 60 anahitaji protini gramu 50 hivi kwa siku. Kikombe cha maharage yaliyoiva kina gramu 15. Dagaa wakavu gramu 30, ambao ni ujazo wa kiganja, wana kama 18. Yai moja lina 6, glasi ya maziwa 8. Umeshafika 47, na ugali nao una protini yake kidogo. Nyama haijatajwa hata mara moja. Nyama ni nzuri, lakini robo kilo iliyopikwa na njegere au choroko inatosha watu watano pale ambapo nusu kilo ya nyama tupu isingetosha.

Maharage watu huyakimbia kwa gesi na kwa mkaa. Yote mawili yanatibika jikoni. Chagua maharage ya msimu huu. Yaliyokaa miaka ghalani hayalainiki hata uyachemshe kutwa. Nusu kilo inatosha watu watano. Yaoshe, yaloweke usiku kucha, kwa muda wa saa nane hadi kumi na mbili, kwenye maji mara tatu ya ujazo wake. Asubuhi mwaga maji hayo, kwa kuwa sehemu ya sukari zinazoleta gesi imetoka humo. Tia maji mapya, yachemke kwa moto mkali dakika kumi kamili, kwa sababu maharage yasiyoiva vizuri yana sumu inayotapisha na kuharisha. Kisha punguza moto mpaka yabonyee kati ya vidole viwili. Nyanya na ndimu visitangulie: uchachu huzuia ganda kulainika, nawe utalaumu mkaa bure. Magadi yanalainisha kweli, lakini yanaharibu vitamini B1 na yanaongeza sodiamu, ambayo mwenye presha haihitaji. Kuloweka kunatosha.

Asiyezoea aanze na nusu kikombe kwa siku na aongeze baada ya wiki, tumbo huzoea. Kunde na choroko ni nyepesi zaidi kwa wengi. Pika kilo nzima mara moja, gawa, ugandishe. Nyumba isiyo na friji ipike ya siku moja tu, na kiporo kichemke tena mpaka kitokote kabla ya kuliwa.

Dagaa wa Mwanza huja na mchanga kwa sababu wengi huanikwa chini. Usikimbilie kuwakaanga. Watie kwenye maji ya moto dakika tano, wakoroge kwa mkono, waopoe kutoka juu badala ya kumwaga maji pamoja nao, maana mchanga umekaa chini. Rudia mpaka chini ya bakuli kubaki safi. Wakiwa wachungu, toa vichwa. Waliwe na mifupa yao, kwa sababu kalsiamu iko humo. Kisha wakaushe kwenye kikaango kikavu, watie kitunguu, nyanya na kijiko kimoja cha mafuta. Dagaa waliozama kwenye mafuta ya kina ni kitoweo kizuri kilichobebeshwa mzigo.

Majani: hapa ndipo wengi huyaharibu

Shirika la Afya Duniani linashauri matunda na mbogamboga gramu 400 kwa mtu mzima kila siku. Kwa watu watano ni kilo mbili. Mafungu hutofautiana soko kwa soko, basi mara moja pima fungu la muuzaji wako baada ya kuchambua ujue unanunua gramu ngapi. Wengi wakipima hugundua kuwa fungu moja walilokuwa wakipikia familia nzima linatosha watu wawili.

Mchicha na matembele pika hivi. Osha kabla ya kukata, maji mara tatu, ukiyainua majani juu badala ya kumwaga maji. Ukikata kwanza, vitamini C na foleti (vitamini ya kundi B) vinaondoka na maji ya kuoshea. Kata vipande vikubwa. Kwa kilo moja pasha vijiko viwili vya chakula vya mafuta, tia kitunguu kilainike, nyanya mbili au tatu zivunjike. Ingiza majani na maji yaliyonasa juu yake tu, usiongeze mengine. Moto uwe mkali, funika, geuza mara mbili. Dakika nne hadi sita zinatosha. Chumvi nusu kijiko cha chai, mwishoni. Epua yakiwa bado ya kijani. Yakigeuka rangi ya kahawia umechelewa. Mafuta yale vijiko viwili yana kazi yake, kwani mwili hauwezi kuchukua vizuri vitamini A ya majani bila mafuta kidogo.

Kosa kubwa ni kuyachemsha, kuyakamua na kumwaga maji, kisha kuyakaanga. Unachomwaga ni sehemu kubwa ya vitamini C na foleti. Mnafu ukiwa mchungu, uchanganye na mchicha mara mbili yake badala ya kuukamua. Kisamvu pekee kina sheria yake: kina sumu ya asili, hivyo hutwangwa mpaka kilainike na huchemshwa sufuria ikiwa wazi mpaka kiive kabisa, ndipo karanga au tui vitiwe.

Sasa ile ndimu. Madini ya chuma ya kwenye majani na maharage mwili huyachukua kwa shida. Vitamini C ikiwa kwenye mlo huohuo, hali hubadilika. Kamua nusu ndimu juu ya mchicha ukishaepua, au kula kachumbari ya nyanya, au chungwa baada ya mlo. Chai hufanya kinyume: ikinywewa pamoja na chakula huzuia chuma kisichukuliwe. Iwe saa moja kabla au saa moja baada ya kula. Kwa msichana na mwanamke mwenye upungufu wa damu, kusogeza kikombe cha chai tu ni hatua ya maana, na haina gharama.

Tunda lolote la msimu linafaa: embe, papai, chungwa, nanasi, pera. Litafune, usilikamue. Glasi ya juisi huchukua machungwa matatu au manne, nyuzinyuzi zinabaki kwenye chujio, na sukari yote inashuka kwa mara moja.

Dumu, kopo la sukari na pakiti ya chumvi

Hapa usihangaike kupima kila mlo. Angalia kitu kinaisha kwa siku ngapi. Andika tarehe kwa kalamu ya wino juu ya chupa siku unapoifungua.

Lita moja ya mafuta kwa watu watano ikimaliza siku kumi, kila mmoja anakula mililita 20 kwa siku. Hapo ni pazuri. Ikiisha kwa siku tano, mafuta yanamiminwa moja kwa moja kutoka kwenye dumu. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kalori kama 120, na mkono unaomimina hauoni tofauti ya kijiko kimoja na vitatu. Ning'iniza kijiko kando ya jiko, kila mafuta yapitie humo. Tui nalo ni mafuta: ukipika kwa nazi, usikaangie tena.

Sukari ikiwa kilo moja kwa watu watano iende siku nane, hiyo ni gramu 25 kwa mtu, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linakiona bora zaidi. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kina gramu 4. Kilichojaa kilima hupita 6. Vijiko vitatu vya kilima kwa kila kikombe, vikombe viwili kwa siku, tayari umepita. Punguza nusu kijiko kila wiki, ulimi utazoea bila wewe kutambua. Soda moja ya mililita 350 ina sukari gramu 37 hivi, na asali ihesabiwe pamoja na sukari.

Chumvi haipaswi kuzidi gramu 5 kwa mtu mzima kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, ikiwa pamoja na ile ya kwenye mkate na dagaa. Kwa watu watano pakiti ya nusu kilo iende si chini ya siku ishirini. Vile vidonge na unga wa kuongeza ladha kwenye mchuzi vina chumvi nyingi. Ukivitumia, usitie chumvi nyingine. Nunua chumvi yenye madini joto, na uifunge vizuri.

Asubuhi, na ukila nje

Chai ya rangi yenye sukari na maandazi mawili ni unga mweupe, mafuta na sukari. Saa nne njaa imerudi. Badili vitu viwili tu: kiazi kitamu, muhogo au gimbi la kuchemsha badala ya andazi, na yai au karanga za kiganja kimoja pembeni. Uji wa ulezi wenye maziwa nao unashika mpaka mchana. Maandazi yabaki ya Jumapili.

Kwa mama lishe sema mapema, kabla mwiko haujaingia kwenye sufuria: "Mama, naomba wali nusu, maharage yajae, na uniongezee mchicha." Wengi watakuwekea bila neno, kwa sababu wali ukipungua nao wana nafasi ya kukuongezea mboga. Samaki wa kuchoma au wa mchuzi badala ya wa kukaanga. Chipsi zege ni viazi vilivyonywa mafuta, vikanywa tena pamoja na mayai. Mara moja kwa wiki mbili, na kachumbari iwe nyingi.

Anayetaka kupungua kweli

Lengo liwe nusu kilo kwa wiki, ambalo hutaka kupunguza kalori 500 hadi 550 kwa siku. Soda moja ni kalori 150. Andazi la wastani ni kama 200. Kijiko cha mafuta 120. Vitatu hivyo vikitoka, umekaribia, na hakuna mlo ulioruka. Ongeza kutembea kwa haraka nusu saa, siku tano kwa wiki.

Jipime mara moja kwa wiki, asubuhi, baada ya kwenda chooni, kabla ya kula, kwa mzani uleule. Kila siku usijipime, maji ya mwilini yatakuhangaisha. Pima na kiuno kwa futi ya fundi cherehani, katikati ya ubavu wa chini na mfupa wa nyonga, ukiwa umetoa pumzi. Mwanaume akizidi sentimita 94 na mwanamke 80, hatari ya presha na kisukari imeanza kupanda. Mara nyingi kiuno husogea wakati mzani umesimama.

Uzito ukigoma wiki nne mfululizo, usipunguze ugali tena. Tazama kwanza yale yasiyoandikwa popote: makombo ya watoto, kuonja mara kumi wakati wa kupika, bia za Ijumaa ambazo nusu lita moja ni kalori kama 200, na dumu lililorudi kumiminwa. Mara nyingi lipo mojawapo kati ya hayo.

Na kama unapungua bila kujitahidi, usifurahie bado. Kupungua kunakokuja na kiu isiyoisha na kukojoa mara kwa mara, au kikohozi cha wiki mbili, au jasho la usiku, au homa inayorudi, ni ugonjwa mpaka vipimo viseme vingine. Nenda kituo cha afya ukapime sukari na makohozi wiki hiyohiyo.